Kuchora Kuta za Mtaa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukishusha ndoo ya rangi kwenye mtaa wowote wa Dar es Salaam, watoto hufika kwanza, kisha mama mwenye genge, kisha mjumbe. Wote wana maswali, na kwa miaka niliyochora kuta pamoja na wakazi nimeona maswali hayo hayapishani sana. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu. Wenzangu wa kazi hii watapinga baadhi, na ni haki yao.

Picha ya ukutani itawaunganishaje watu wasiosalimiana?

Picha peke yake haina uwezo huo. Watu huanza kuzungumza siku wanapoulizwa: tuchore nini? Hapo mtaa wote hutoka nje.

Kuna mtaa tulikaa vikao vitatu kwa ajili ya rangi tu. Aliyependekeza nyekundu akaambiwa anataka kutugeuza wote Simba. Aliyetaka kijani na njano akaambiwa huyo ni Yanga, na kwa kuwa ulikuwa mwaka wa uchaguzi, mwingine akadai kuna chama kinapigiwa kampeni kwa mlango wa uani. Nilikaribia kufunga virago. Ndipo bibi mmoja, aliyekuwa kimya tangu kikao cha kwanza, akauliza kwa nini tusichore foleni ya bomba la maji, maana pale hakuna ambaye hajawahi kusimama. Ikakubaliwa palepale. Kila nyumba ikataja rangi ya ndoo yake, na kwa kuwa ndoo zinauzwa za kila rangi, ubishi ukaisha wenyewe. Hadi leo mwenyeji akipita pale na mgeni humwonyesha: "Ile ya tatu kutoka mwisho ni yetu."

Kwa hiyo mfadhili akiniuliza kwa nini tunatumia majuma mawili kwenye vikao na siku nne tu kwenye kupaka, humjibu kwamba vikao ndiyo kazi aliyoilipia. Mtaa ambao haukubishana kabla ya kuchora utabishana baada ya kuchora, na wakati huo rangi imeshakauka.

Haya si mambo ya kuiga kutoka nje?

Nenda Oysterbay, hapa Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 na kuuza picha zake karibu na maduka ya Morogoro Stores. Alitumia rangi ya kupakia baiskeli juu ya mbao za dari, kwa kuwa ndivyo vitu alivyoweza kuvipata. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi iliyompata kimakosa, baada ya kuchora kwa miaka minne hivi. Ndugu na wanafunzi wake hawakutawanyika. Walijiunga, na ushirika wao unaobeba jina lake bado uko Oysterbay. Huo ni mtaa mzima uliojengwa na sanaa, na hakuna aliyekuja na kitabu cha maelekezo.

Ukitaka vya zamani zaidi, tazama nakshi za milango ya pwani, au kanga, ambayo ni picha na maneno yanayotembea mtaani mgongoni mwa mtu. Ukitaka vya karibu, tazama saluni yoyote ya kiume: yule kijana wa denge ukutani alichorwa na mtu wa mtaa, kwa watu wa mtaa. Vijana wa grafiti wa Dar walipojiita Wachata walichukua neno la mjini, chata, yaani alama ya mtu. Na tangu 2008 kuna kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako mchoraji anayeanza anaweza kukutana na waliomtangulia.

Wa nje nao wana yao, na yanafaa kujulikana. Mwaka 1967 wachoraji weusi wa Chicago walichora mashujaa wao kwenye ukuta wa jengo chakavu upande wa kusini wa mji bila kusubiri fedha za manispaa. Jengo liliungua mwaka 1971, likabomolewa, lakini mfano huo uliigwa miji mingi ya Marekani. Philadelphia kazi hii ilianza mwaka 1984 kama kampeni ya kuwadhibiti vijana waliokuwa wakiandika hovyo kuta. Mchoraji Jane Golden, aliyeajiriwa kwenye kampeni hiyo, akawapa vijana hao brashi. Leo mji ule una michoro ya ukutani kwa maelfu.

Imewahi kusaidia mahali penye mpasuko wa kweli, si ugomvi wa Simba na Yanga?

Mfano ninaoutumia ni Kibera, Nairobi. Wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, msanii anayejulikana kama Solo 7 alizunguka akiandika maneno ya amani kwenye milango na kuta, mara nyingine pale palipokuwa pameungua. Hakuwa na mchoro, ni herufi tu. Reli inayokatiza Kibera iling'olewa na watu wenye hasira. Halafu, kuelekea uchaguzi wa Machi 2013, wachoraji vijana waliomba ruhusa wakapaka mabehewa ya treni ya abiria inayopita kwenye reli hiyohiyo, wakayajaza picha na maneno ya amani. Mimi hupenda kwamba walichagua treni. Ukuta unaonwa na upande mmoja wa mtaa, ila treni hupita mbele ya wote.

Katikati ya hayo, mwaka 2009, Mfaransa anayejiita JR alifunika mapaa ya Kibera kwa picha za macho na nyuso za wanawake wa palepale, karibu mita za mraba 2,000. Picha zilichapwa kwenye turubai lisilopitisha maji. Mvua ikinyesha, nyumba iliyokuwa ikivuja haivuji. Nyingine zilibandikwa ubavuni mwa treni, zikiwa macho tu, na sehemu ya chini ya uso ikawekwa kwenye mteremko chini ya reli, ili treni ikipita uso ukamilike kwa sekunde chache. Wengi husifia ujanja huo wa treni. Mimi nasifia paa, kwa sababu sanaa inayozuia maji kumwagikia kitanda cha mtu haihitaji kujieleza.

Mwaka 2015 nako Nairobi, makanisa na misikiti kadhaa ilipakwa njano moja, waumini wa dini mbili wakishika rola pamoja. Njano ni njano tu. Lakini kumshikia ngazi mtu wa dini nyingine si jambo dogo.

Sitakuambia kwamba picha ilizuia ghasia. Uchaguzi una mambo mengi kuliko rangi.

Tuombe ruhusa kwa nani?

Kwanza mwenye ukuta, na si mpangaji wake. Piga hodi, amkia, kaa, eleza, na usitoe karatasi ya kusaini siku hiyohiyo. Mzee atadhani unataka kumnyang'anya kiwanja. Siku ya pili njoo na karatasi fupi inayosema nani anachora, nini, kwa muda gani, na kwamba nyumba inabaki yake. Kisha serikali ya mtaa: mwenyekiti na mtendaji. Kenya ni chifu na ofisi ya kaunti. Shule ina mwalimu mkuu na kamati yake.

Ukuta wenye alama nyekundu ya X usiuguse. Nyumba hiyo imehesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara au reli, na ukichora leo, tingatinga litakuja kuona kazi yako kesho. (Ndiyo, mzee wa Oysterbay na greda la kubomolea wana jina moja. Wachoraji tumeshacheka sana kuhusu hilo.)

Mji Mkongwe wa Zanzibar ni habari nyingine. Uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2000, na Lamu tangu 2001, kwa hiyo hupaki kitu bila mamlaka ya uhifadhi kukubali. Hata bila sheria ningekushauri usithubutu. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, na lazima zipumue. Ukizifunika kwa rangi za plastiki, unyevu hukwama ndani, plasta huvimba na kubanduka.

Serikali ikiamua rangi moja, si rahisi zaidi?

Ni rahisi, na kuna mfano. Mwaka 2018 kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji na Mji wa Kale yapakwe nyeupe yenye buluu. Mji ukang'aa, siwezi kukataa. Lakini rangi ya amri hulindwa kwa amri. Mwenye nyumba anapaka kwa kuogopa faini, na hana hadithi ya kumsimulia mgeni.

Linganisha na Las Palmitas, mtaa wa mlimani huko Pachuca, Mexico. Mwaka 2015 kikundi cha Germen Crew kilipaka nyumba 209, karibu mita za mraba 20,000, hadi mlima mzima ukawa mchoro mmoja mkubwa wa rangi zinazozunguka. Serikali ilihusika pale pia, tena kwa fedha. Tofauti ni kwamba wachoraji walishinda na familia za pale, nyumba kwa nyumba, muda mrefu kabla na wakati wa kupaka.

Tutahitaji rangi kiasi gani, na rangi gani?

Chukua futikamba. Ukuta wa urefu wa mita 12 na kimo cha mita 3 ni mita za mraba 36. Lita moja ya rangi ya maji hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja, kwenye ukuta laini. Mikono miwili ni mita za mraba 72, yaani lita 7 na kidogo za rangi ya chini peke yake. Ukuta wa plasta ya kukwaruza hunywa zaidi, na tofali tupu ni mlevi kabisa. Hapo ongeza hadi nusu. Baada ya rangi ya chini, rangi za picha ni kidogo kuliko watu wanavyodhani: makopo madogo ya nyekundu, njano, buluu, nyeusi, na nyeupe nyingi ya kuchanganyia.

Nunua rangi ya maji iliyoandikwa ya nje. Rangi ya ndani ni nafuu, na jua la Dar litakuonyesha kwa nini. Rangi ya mafuta inang'aa, lakini kwenye ukuta wenye unyevu hubanduka vipande vipande kama ngozi ya mtu aliyeungua, na harufu ya tina haifai karibu na watoto.

Rangi kali, hasa baadhi ya nyekundu na njano za kung'aa, hupauka mapema. Zinazodumu ni zile za asili ya udongo: nyekundu ya matofali, kahawia, njano ya udongo. Huwa nawaambia vijana wachore anga na mavazi kwa wanazopenda, lakini umbo lenyewe la picha lisimame kwa rangi za udongo na nyeusi. Baada ya miaka kadhaa picha itakuwa imezeeka kwa heshima.

Ukuta wenyewe una magonjwa mawili. La kwanza ni plasta mbichi: isubiri angalau siku 28, kwa sababu saruji changa ina ukali unaoiunguza rangi. La pili, la mitaa yetu ya pwani, ni chumvi. Ukiona unga mweupe ukitoka chini ya ukuta, inawezekana mchanga uliojengea ulitoka baharini, au maji yanapanda kutoka ardhini. Usipake juu yake. Sugua kwa brashi kavu, acha ukauke, tafuta maji yanatoka wapi. Kama mtaro umeziba, zibueni mtaro kwanza. Nimeona mchoro mzuri wa samaki ukifa mwaka mmoja kwa sababu ya mtaro ambao kila mtu aliuruka siku ya uzinduzi.

Na msimu: masika na vuli ziache zipite. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yetu. Pakeni asubuhi na jioni, maana ukuta uliopigwa na jua la saa saba hukausha rangi kabla brashi haijamaliza safari.

Kama mnakwangua rangi kuukuu, lowesheni maji kwanza na watoto wakae mbali. Rangi za zamani za mafuta zilikuwa na madini ya risasi kwa wingi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa sasa ni sehemu 90 kwa milioni. Muulize muuzaji, na akikuangalia kama umechanganyikiwa, badilisha duka.

Sijui kuchora hata kuku. Nitafanya nini?

Utapaka. Mchoraji huchora picha kwenye karatasi, anaigawa kwa miraba, anapiga miraba hiyohiyo mikubwa ukutani kwa uzi na chaki, kisha anahamisha mraba kwa mraba. Akimaliza mistari, kila eneo hupewa namba na kila kopo namba. Mtoto wa darasa la tatu anajaza namba 4 vizuri kuliko msomi anayeanza kutoa maoni. Watoto chini, watu wazima katikati, juu ya jukwaa ni fundi tu. Hilo la mwisho halina mjadala. Mirunda si mahali pa kujitolea.

Mgonjwa au mtu asiyeweza kutoka naye ana nafasi. Philadelphia huchora kwenye vipande vya kitambaa chepesi, ndani ya ukumbi, hata gerezani, kisha vitambaa hugundishwa ukutani vikaonekana kama vilichorwa palepale.

Mtaa wetu una msikiti, kanisa na watu wasiopenda picha za viumbe. Tutachora nini?

Ukuta unaotazamana na msikiti usichore watu wala wanyama, hata kama imamu ni rafiki yako na amesema haidhuru. Tuna utajiri mwingine: nakshi za maua na mizabibu, miraba ya mkeka, pindo za kanga, maandishi. Kuna nyuzi za ukili zilizosukwa na bibi zetu ambazo zingepamba mtaa mzima. Watu na wanyama wapelekeni kwenye ukuta wa shule au soko.

Maandishi nayo yanahitaji akili. Jina la kanga lina mafumbo, na fumbo likikaa ukutani mwa jirani mwenye ugomvi na mke mwenza, umeanzisha vita.

Kampuni imetuahidi rangi ya bure. Tuikubali?

Ulizeni ni rangi au ni rangi yao. Mitaa yetu imejaa nyumba zilizopakwa bure na kugeuzwa tangazo la simu au soda, na mwenye nyumba hawezi kuchagua tena mlango wake uweje. Mimi hukubali ndoo zisizo na masharti na nembo ya ukubwa wa kiganja kwenye kona. Wakitaka ukuta wote, walipie ukuta wote kama wanavyolipia bango la barabarani, na fedha iende kwenye mfuko wa mtaa.

Je, wizi na taka vitapungua?

Simwahidi mtu. Ninachojua ni kilichofanyika Dandora, Nairobi, mtaa ulio jirani na dampo kubwa la mji. Vijana wa Dandora Transformation League walianzisha mashindano ya kugeuza nyua na viwanja vya katikati ya nyumba: kuzoa taka, kupanda miti, kuweka geti, kupaka kuta. Wengine wakapata kipato cha ulinzi, usafi na maegesho kutokana na sehemu walizoziokoa. Rangi ilikuwa mojawapo ya mambo matano au sita. Mkitaka kuanza na rangi na kuishia hapo, mtapata dampo lenye picha nzuri.

Mchoraji alipwe, au anajitolea kama sisi?

Alipwe. Mpishi wa shughuli humlipi kwa "asante", na mchoraji naye ana kodi. Kijana wa mtaa anayejifunza apewe nauli na chakula angalau, na jina lake liandikwe.

Mkubaliane pia mchoro ni wa nani. Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii: ukuta ni wa mwenye nyumba, lakini kuchapa picha hiyo kwenye fulana na kuuza si haki ya kila mpita njia. Kesi maarufu ni ya New York. Mwaka 2013 mmiliki wa majengo ya 5Pointz alipaka rangi nyeupe usiku juu ya kazi za wasanii wa grafiti, na mwaka 2018 jaji aliamuru wasanii 21 walipwe dola milioni 6.75. Sheria yao si yetu. Lakini mwenye nyumba akitaka kufuta, amwambie mchoraji mapema.

Lazima iwe ukuta?

Hapana. Lamu, mafundi wa majahazi walitengeneza chombo cha mita 9, Flipflopi, kwa takriban tani 10 za plastiki na kandambili 30,000 zilizookotwa, na mwanzoni mwa 2019 kikasafiri hadi Zanzibar. Vipande vya vigae vilivyovunjika hupamba kibaraza. Hata mkeka mmoja mrefu, kila mama akisuka hatua yake, ni kazi ya mtaa.

Kodi ya nyumba itapanda?

Inaweza. Ukiona mwenye nyumba anapiga picha ukuta kwa furaha kupita kiasi, wapangaji waombe mkataba mapema.

Na wanaokojoa na kubandika matangazo?

"Usikojoe hapa, faini 50,000" halijawahi kumzuia mtu mwenye haja. Picha ya bibi anayekutazama machoni huwafanya wengine wasogee mbele. Si wote.

Matangazo ya waganga ni sugu zaidi: mvuto wa mapenzi, mali iliyopotea, namba ya simu. Kwenye ule ukuta wa foleni ya bomba, hubandikwa usiku. Asubuhi watoto waliopaka ndoo za kwao huja na maji ya sabuni na kijiko cha kukwangulia kabla ya kwenda shule, kila mmoja kwenye ndoo yake. Ndoo ya nyumba iliyohama mwaka juzi ilikaa na bango kwa wiki mbili. Safari iliyopita nilipopita, ilikuwa safi. Nikamuuliza mama mwenye genge nani ameisafisha, akasema wapangaji wapya wameiomba.